Havuti

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja, na dobi aliusema bila kupepesa macho. Muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya akili alikuwa ameinamia fomu, anauliza na kuandika, anauliza na kuandika. Umri? Uzito? Amewahi kuanguka kifafa? Anavuta sigara?

"Havuti," dobi akasema.

Mdogo wake wa kiume alikuwa amekaa ubavuni pake, pakiti ya sigara imetuna kwenye mfuko wa shati. Akaifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeapa. Muuguzi hakuinua kichwa. Aliandika alichoambiwa, akageuza ukurasa.

Sasa mtu atauliza, uongo wa nini mbele ya muuguzi? Kwenye benchi la nyuma alikaa mama mmoja ambaye dobi alikuwa akimfulia mashuka, na masikio ya mama huyo yalikuwa yamesimama. Isitoshe, kila mtu anajua kichaa wa barabarani anavyochorwa vichwani mwa watu: nywele matimutimu, matambara, na kipisi cha sigara alichookota mtaroni. Dobi alikuwa ameapa kwamba mdogo wake hatafanana na picha ile hata kwa chembe. Nguo zake alizitia wanga kuliko za wateja. Kliniki alimjibia kila swali, hata pale mdogo mtu alipoulizwa mwenyewe. Kwa hiyo kwenye fomu hakuvuta, ingawa nje ya fomu alimaliza pakiti nzima kwa siku, na siku mbaya alifungua ya pili.

Alikuwa ameshatumia dawa mbili kabla ya hapo. Ya kwanza, sindano ya zamani, ilizinyamazisha sauti zilizokuwa zikimtukana kutwa, ila ilimnyamazisha na yeye. Shingo ilikakamaa, mikono ikatetemeka, akawa anatembea kama kabati linalohamishwa. Ya pili haikufanya lolote. Ndipo daktari akasema wajaribu ile inayowekwa akiba kwa wale ambao nyingine zimewashinda, dawa ya kizazi kipya, ambayo kila anayeimeza lazima apimwe damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kuzimaliza chembe nyeupe.

"Inafanyaje kazi?" dobi aliuliza. Ni mtu anayependa kujua kitu kinavyofanya kazi. Pasi zake zikiharibika huzifungua mwenyewe.

Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipenda kuulizwa. "Ubongo una kemikali yake, inaitwa dopamini," akasema. "Kazi yake mojawapo ni kukwambia: hiki ni muhimu, kiangalie. Mimi na wewe jirani akikohoa, amekohoa, basi. Kwa mdogo wako imezidi. Jirani akikohoa ni ishara. Kifungo kikidondoka ni ujumbe. Na mawazo yake mwenyewe yanamjia kama mtu mwingine ndiye anayesema. Dawa za zamani zinaibana kemikali hiyo kwa nguvu, mpaka sehemu inayoendesha mikono na miguu nayo inakosa. Hii inashika kidogo na kuachia, halafu inagusa na kemikali nyingine, serotonini. Ndiyo maana haimkakamazi. Wewe si unapiga pasi? Kwa hariri huzimi pasi. Unapunguza moto."

"Kwa hiyo sauti zitaondoka?"

"Zinaweza kuondoka. Zinaweza pia kubaki, ila zikisema asione lazima ya kuzisikiliza."

Walianza na robo kidonge, wakapanda polepole. Wakapandisha, hamna kitu. Wakapandisha tena, hamna. Daktari alikuna kichwa. Wagonjwa wenye miili mikubwa kuliko huyu walikuwa wametulia kwa nusu ya kipimo kile. "Ini la huyu ni la chuma," akatania, akaandika kipimo kikubwa kuliko alivyozoea. Maskini, hakuwa mbali na ukweli. Hospitali ile haikuwa na kipimo cha kuonyesha dawa ni kiasi gani imo kwenye damu. Alichokuwa nacho ni faili, na faili lilisema havuti.

Mwezi wa tano tangu aanze dawa hiyo, wakiwa kwenye chai ya asubuhi, mdogo mtu aliweka kikombe chini.

"Dada, wamehama."

"Akina nani?"

"Hao. Nawasikia, lakini kama wako nyumba ya pili na mlango umefungwa. Sina haja ya kujua wanasema nini."

Dobi aliingia chumbani akalia, akanawa uso, akatoka kufungua duka.

Miaka miwili ilipita hivyo, na ilikuwa miaka mizuri. Mdogo mtu alisimama kwenye meza ya pasi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Hakuwa na haraka, lakini kola zake hazikuwa na mfano. Alizipiga kwanza upande wa ndani, kutoka nchani kuja katikati, ili mkunjo usikimbilie mbele ambako watu wanauona. Wateja wakamwita Kola. Mwenyewe alilipenda jina hilo, kwa sababu alikuwa ameitwa mengine. Kila baada ya mashati matano alitoka mlango wa nyuma, akavuta, akarudi.

Aliyeharibu mambo ni wakili, mteja wao mkubwa. Alirudisha mashati sita na kuyaweka mezani.

"Mama, nanuka kama baa," akasema. "Nimesimama mbele ya hakimu nanuka tumbaku, na mimi sivuti. Mkishindwa semeni, madobi wako wengi."

Jioni hiyo hiyo dobi alimwekea mdogo wake mkono begani. "Tangu leo, mwisho."

"Dada, nimeshaacha kuongea na watu wasiokuwepo. Na hili pia?"

"Na hili pia."

Alijiandaa kwa vita, maana miaka yote alikuwa akimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Vita haikuja. Kola aliacha siku ile, kwa sababu dada yake ndiye aliyesema, akawa anatafuna njiti za kiberiti. Dobi alijaa fahari, ila hakuwa na mtu wa kumsimulia. Utamsifuje mtu kwa kuacha kitu ambacho hajawahi kukifanya?

Wiki ya pili mate yakaanza. Mto ulilowa kila asubuhi, kisha mate yakamtoka hata mchana, yakadondokea kwenye nguo safi. Ulimi ukawa mzito. Tumbo likafunga, siku nne hakwenda choo. Akawa anasinzia wima, pasi mkononi, na dobi akawa anampigia makofi sikioni kumwamsha. Kwa akili yake aliona ni kisirani cha sigara.

"Unanilipizia?" akamuuliza asubuhi moja.

"Nimechoka, dada."

"Umechoka na nini? Na mashati matatu?"

Hayo ndiyo maneno anayoyakumbuka zaidi, na anayakumbuka bila kutaka.

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, Kola alianguka. Dobi alisikia kwanza pasi ikigonga sakafu, halafu akasikia harufu ya kuungua, na jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa nguo ya mteja. Alipogeuka, mdogo wake alikuwa chini, mwili mzima unarushwa na degedege, na pasi imelalia mkono wake upande wa ndani, pale ngozi ilipo laini. Dobi aliiondoa kwa mkono mtupu.

Hospitalini daktari aliuliza kama inavyopasa. "Ameongeza vidonge?"

"Hapana. Nampa mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

"Ameanza dawa nyingine? Pombe? Kuna chochote kimebadilika mwezi huu?" Akapekua faili. "Sigara havuti," akajisemea.

Hapo nafasi ilikuwepo na dobi aliiona. Lakini kusema ameacha ni kusema alikuwa akivuta, na kusema alikuwa akivuta ni kukiri kwamba kwa zaidi ya miaka miwili, kila mwezi, alimdanganya daktari usoni. Tumtendee haki: hakujua kwamba moshi una lolote la kufanya na kidonge. Alijua tu kwamba ataumbuka.

"Hakuna kilichobadilika," akasema.

Basi daktari akafanya ambalo angefanya daktari yeyote mwenye mgonjwa aliyeanguka bila sababu: aliisimamisha dawa. Siku ya nne sauti zilirudi, na zilirudi zikiwa na nguvu mpya. Kola alikaa kitandani, mkono umefungwa bandeji, akizijibu kwa kunong'ona. Dobi alipomletea chai, aliisukuma ikamwagika.

"Usinipe kitu chako," akasema. "Najua unatia nini."

Dobi alikwenda kusimama kwenye korido. Muuguzi mwenye miwani alimkuta hapo.

"Huyu mdogo wako anawasumbua watu wodini, anaomba sigara kwa kila mgeni," muuguzi akasema. "Ameanza lini kuvuta?"

"Hajaanza," dobi akasema, na alikuwa amechoka mno kutunga. "Aliacha."

Muuguzi alivua miwani. "Aliacha lini?"

"Wiki tatu zimepita. Nilimwachisha mimi."

"Alikuwa anavuta ngapi?"

"Pakiti. Na zaidi."

Muuguzi alikaa kwenye benchi, akamvuta dobi naye akae. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Moshi wa tumbaku unaliharakisha ini," akasema. "Dawa hii ikiingia, ini la mvutaji linaivunja upesi upesi, inayofika kichwani ni kidogo. Ndiyo maana tulipandisha, tukapandisha. Kipimo kile kilikuwa cha mvutaji. Ulipomwachisha, ini likatulia, kipimo ni kile kile, dawa ikamjaa mwilini labda mara mbili. Mate ni hiyo. Usingizi ni hiyo. Degedege ni hiyo. Kumwachisha sigara si kosa, dada yangu, ni jambo jema. Ungetuambia tungepunguza vidonge, basi, mambo yakaisha."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ndiyo maana tunauliza." Alifuta miwani kwa upindo wa gauni. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe hata maradhi hukuyaficha. Umeficha moshi."

Daktari alirekebisha faili kwa mkono wake mwenyewe na hakumtazama dobi wakati anaandika. Dawa ingerudi, ila haikurudi pale ilipoishia. Ikishakatika zaidi ya siku mbili, mtu huanza upya kama mgeni: robo kidonge, damu, mapigo ya moyo, subiri, ongeza kidogo, subiri. Zilikuwa wiki saba. Muda wote huo Kola alikula chakula cha hospitali tu, na cha dada yake aligawia vitanda vya jirani bila kukionja. Mkono ulipona ukabaki na kovu la ncha ya pasi.

Dobi alikuja kila siku. Alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, akisubiri kutazamwa. Wiki ya tano Kola alimtazama. Wiki ya saba, kwa nusu tu ya kipimo cha zamani, macho yake yalikuwa yametulia kama ya mtu aliyeamka nyumbani kwake.

"Wamehama tena," akasema.

"Mungu mkubwa," dobi akasema, na machozi yakamtoka hadharani bila kuyajali.

Kola alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza, kwa upole, kama anayeuliza saa. "Siku ile ya fomu. Ulipomwambia sista havuti. Ulikuwa unaionea haya sigara, dada, au mimi?"

Jibu la kumpendeza lilikuwepo, limeiva, lipo kwenye ncha ya ulimi. Lakini dobi alikuwa ameona uongo wa neno moja unavyoweza kufika mbali, na hakuwa na moyo wa kuanza mwingine.

"Wewe," akasema.

Kola aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Alilivuta shuka, akalinyoosha kwa kiganja kuanzia pembeni kuja katikati.

"Wale waliohama waliniambia hivyo miaka yote," akasema. "Nilikuwa nawabishia."

Muuguzi alipita na kisahani cha vidonge vya mchana. Dobi alinyanyuka kukipokea, kama alivyozoea, lakini Kola alikuwa ameshatanguliza mkono wake. Alimeza mwenyewe, akanywa maji yake mwenyewe, akageukia ukutani.