Kijumba cha Shomoro Ukutani

Nilikwenda Doha mwaka wa 2011 kumlelea binti yangu Virginia mtoto, maana yeye ni muuguzi na zamu zake hazijui usiku wala mchana. Tulikaa Al Mansoura. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mjukuu wangu Athanas alinipeleka Muaither kuona msikiti waliokuwa wakiumalizia.

Athanas ni mchonga mawe wa Tabaka, kwetu Kisii, na alikuwa amepata mkataba wa kazi hapo. Mwenye msikiti alitaka ufanane na ile ya masultani wa Uturuki wa kale: kuba kubwa katikati, nusu-kuba zimelizunguka kama vifaranga na mama yao, na minara myembamba kama penseli. Mimi ni Msabato, lakini nilitazama juu hadi shingo ikaniuma.

"Magokoro, hayo makuba si yangu," akasema, akiniita bibi kwa Kikisii. "Langu ni lile pale."

Ukutani, chini kidogo ya paa, palikuwa na msikiti mdogo wa mawe, na kuba lake na minara yake miwili. Waturuki wa kale, akanieleza, waliwajengea ndege nyumba kwenye kuta za misikiti, tena upande wa jua, upepo wa baridi usiwafikie. Fundi mkuu wa msikiti huu, Mturuki aitwaye Orhan, alifuata vivyo hivyo.

"Mume wangu," nikamtania, "ndege wamepata orofa, na mimi bado ninavujiwa?"

"Ngoja zamu yako, bibi harusi. Mkataba unaisha mwezi wa saba. Nikiona makinda yameruka kutoka humo, nitarudi nyumbani moyo umeshiba."

Siku hiyo jua lilikuwa la kuota tu. Hata mimi sikuwaza lolote.

Mwezi wa tano akapiga simu: shomoro wametaga, makinda yanalia! Alicheka mpaka mtoto wa Virginia akaamka.

Halafu joto likaja. Ukuta ukawa kikaango. Athanas alimwomba Orhan waweke kivuli.

"Ramani ndiyo hiyo," Orhan akamjibu. "Mababu zetu hawakukosea."

"Hawakukosea kwao," Athanas akasema.

Akaning'iniza gunia bichi. Likaondolewa, eti linachafua ukuta.

Niliporudi tena Ijumaa nyingine, kijumba kilikuwa kimya. Shomoro jike aliingia na mdudu mdomoni, akatoka na mdudu yule yule. Athanas akaegemeza ngazi, akayatoa makinda, makavu kama majani ya mgomba, akayafunga kwenye leso yake. Kisha akachota chokaa na kuanza kuziba milango.

"Utaharibu kazi yako, baba," nikasema.

"Haiharibiki, Magokoro. Ukiwa chini huoni kitu."

Akaziba wa mwisho, akaulainisha kwa kidole, akashuka. Shomoro akarudi, akatua kwenye mnara mdogo, mdudu bado mdomoni, akigeuka huku na huku kutafuta mlango. Athanas alikusanya vyombo vyake bila kutazama juu.