Mgeni Aliyekula Cheri

Mgeni aliingia Jumanne ya mvua, wiki tatu kabla ya Pasaka, akiburuta sanduku lililobakiwa na gurudumu moja. Kwa siku kumi na moja hakuna aliyevuka mlango wa Hoteli Amarilis isipokuwa mtu wa posta, kwa hiyo Bwana Prodromos, mwenye hoteli, alishuka ngazi huku akifunga tai.

"Karibu, bwana, karibu. Evanthia, mwanangu, unangoja nini? Kahawa."

Niliacha meza yangu ya mapokezi, nikaleta kahawa. Prodromos mwenyewe alileta kisahani cha cheri zilizopikwa kwa sukari, zile za mama yake, ambazo hutolewa kwa wageni wa heshima tu. Akawasha na tanuri la maji moto, lililolala tangu Novemba. Mgeni alikula taratibu, akapangusa midomo, akatoa bahasha sandukuni.

"Nimekuja kwa ile kazi ya kuhudumu mezani mliyoitangaza," alisema. "Naitwa Anestis."

Prodromos alikitazama kisahani kitupu.

Bahasha ilikuwa na vyeti: miaka kumi na tisa meneja wa hoteli kubwa jijini Thesaloniki, mpaka ilipofungwa. Prodromos alinivuta jikoni.

"Ana lugha nne," alinong'ona. "Na anataka kubeba sahani."

"Bosi, nafasi hiyo ni ya mzee Pantelis."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilimwahidi."

"Umeanza lini wewe kuahidi watu kazi hotelini kwangu?"

Swali zuri. Chuoni niliandika kurasa themanini kuhusu kuwatunza wafanyakazi nyakati za dhiki, nikapewa alama ya juu. Kazi yangu ya kwanza Amarilis, vuli iliyopita, ilikuwa kumkabidhi mzee Pantelis barua ya kuachishwa. Alihudumu miaka ishirini na sita, na alibakiza siku sitini za kazi apate pensheni. Aliisoma barua, kisha akanipa pole mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalia. Ndipo nikamwambia: nafasi ikifunguka, wewe ndiye wa kwanza kupigiwa simu.

"Basi mwambie huyu aende," nilisema.

"Nimwambieje? Kala cheri za mama. Mtu ale kwangu asubuhi, mchana nimfukuze? Mji mzima utajua kabla ya kengele ya jioni. Na mama atajua kabla ya mji."

"Mama yako ana miaka tisini, bosi."

"Na fimbo."

"Basi uwaajiri wote wawili."

"Mishahara ni miwili, Evanthia. Wa mezani na wa mapokezi. Wa tatu niutoe wapi?"

Sidhani alijua alichokuwa amekisema. Mimi nilikijua. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona Anestis amesimama mapokezini, mahali pangu. Simu ilikuwa imelia na hakuweza kuiacha. Alizungumza Kijerumani kwa upole, akaandika kitabuni kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: watu wawili, usiku mmoja, mwezi Mei.

"Mpe mapokezi," nilisema.

"Na wewe?"

"Mimi nina shahada."

Prodromos alicheka, kisha akaacha. "Wenye shahada ndio wanaoosha vyombo Munich, Ujerumani, mtoto wangu."

"Basi sitakuwa mpweke."

Alipinga kidogo, kama mtu anayekataa kiti akiwa tayari ameanza kukaa. Halafu akanisifu: kati ya wote aliowahi kuwaajiri, ni mimi pekee niliyeelewa kweli mambo ya wafanyakazi.

Saa sita mchana nikapiga simu.

"Mzee Pantelis, ni Evanthia. Nafasi imefunguka. Wewe ndiye wa kwanza kupigiwa."

Nilisikia akivuta kiti na kukaa.

"Mke wangu hulipiga pasi koti langu jeupe la kazi kila mwezi," alisema. "Eti lisizoee kukunjwa. Nilikuwa namcheka."

"Jumatatu, saa moja asubuhi."

"Utakuwepo unifungulie, binti yangu?"

"Atakufungulia Bwana Anestis," nilisema. "Usichelewe."