Kola ya Flaiwili

Jumatatu asubuhi trekta liligoma tena. Dereva, aliyestaafu kuendesha basi ila jina likakataa kustaafu naye, alizungusha ufunguo. Stata, ile mota ndogo ya kuiamsha injini, ikapiga ukelele kama bati linaloburutwa sakafuni. Injini haikugeuka hata kidogo.

"Nilikwambia ni stata," alisema.

"Hiyo ni stata ya pili, baba," mkewe alimjibu kutoka dirishani, akiwa na pini mbili mdomoni. "Ya kwanza iko stoo. Ya tatu tutaiweka wapi, jikoni?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na trekta lilikuwa la marehemu baba yake. Lilikuwepo kabla yeye hajazaliwa, na alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo maana alikasirika aliposikia kwamba mumewe amepeana mkono na mdogo wake yeye mwenyewe, mchomeleaji. Walikubaliana hivi: Jumamosi trekta liwake kwa ufunguo mara tatu mfululizo, bila kusukumwa. Likishindwa, mchomeleaji alikate vipande atengenezee mageti.

Dereva alipeana mkono huo kwa kuitegemea stata mpya. Katika ufundi alikuwa na kanuni moja tu: kinachopiga kelele ndicho kibovu.

Fundi alitoa pini mdomoni. Akamwomba Mungu kwa maneno machache, kama alivyofanya kila siku kabla ya kukata kitambaa cha mtu, kisha akatoka nje na chaki yake.

"Unataka kulishonea suruali?" Dereva akauliza.

"Kwa kiuno kile kitambaa hakitoshi. Lisukume kidogo likiwa kwenye gia, halafu uwashe."

Akalisukuma, akawasha, likawaka. Hilo ndilo lililomsumbua Fundi. Kama stata ni mbovu, kusukuma kunaiponya vipi?

Akamwambia azime. Akalala chali chini ya trekta, penye kitundu cha kuchungulia flaiwili kando ya stata, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, lililozungukwa na pete ya meno yanayoshikwa na stata. Akalitia chaki jino lililosimama mbele ya kitundu. Wakawasha na kuzima mara kumi, wakilisukuma kila lilipogoma, na kila injini ilipotulia alitia alama. Mwishowe wakaizungusha flaiwili polepole kwa mkono. Alama zote zilikuwa zimerundikana sehemu mbili tu, na hapo meno yalikuwa yamelika ukingo mmoja, kama yametafunwa na panya. Kwingine kote yalikuwa mazima.

"Injini inalala pale pale kila siku," Fundi alisema, "kama wewe na upande wako wa kitanda. Stata haina kosa. Inauma palipoisha meno."

Dereva alikuna kichwa. "Basi tumekwisha. Flaiwili ya trekta la umri huu tutaipata wapi?"

"Hilo shati ulilovaa, kola yake ni ya lini?"

"Tangu nikiwa barabarani. Kitambaa cha zamani kilikuwa kitambaa."

"Kitambaa gani! Iliisha miaka saba iliyopita. Niliifumua, nikaigeuza, nikaishona tena. Upande unaojivunia ndio uliokuwa chini."

Dereva alishika kola yake, akaipapasa kama mtu aliyeibiwa na kurudishiwa mali yake kwa wakati mmoja.

Kuanzia siku hiyo walifanya kazi pamoja. Ili kuifikia flaiwili waliweka jeki na magogo, wakafungua bolti moja moja, huku Fundi akizifunga kila kundi kwenye kitambaa chake na kukiandika. Kila bolti ngumu aliiombea. "Hii ombea mara mbili," Dereva alikuwa akisema, huku amening'inia kwenye spana.

Jumamosi asubuhi mchomeleaji aliingia uani na mtungi wake wa gesi. Alilikuta trekta limekatika katikati, injini huku, gia boksi kule.

"Shemeji! Dada! Mmenirahisishia kazi hivi? Nianze na kipande kipi?"

"Anza na hiki," dada yake alisema, akimwekea flaiwili miguuni. "Pasha hiyo pete pande zote sawasawa. Ukiunguza sehemu moja nitakusema kwa watoto wako."

"Nimekuja kukata, sikuja kupasha."

"Moto si ni huo huo?"

Mchomeleaji alicheka, akawasha moto. Pete ilipotanuka, Dereva aliigonga ikatoka. Waliisafisha, wakaigeuza, wakaipasha upya mpaka chuma kikawa na rangi ya majani makavu, kisha wakaidondosha mahali pake. Ilipopoa ikabana kabisa. Kingo ambazo stata haikuwahi kuziona sasa zilikuwa zinaitazama.

Kuunganisha kulichukua siku nzima. Jua likielekea kuzama, Fundi alipanda mwenyewe kwenye kiti cha baba yake. Alifumba macho kidogo.

"Amina, washa!" mdogo wake akapiga kelele.

Likawaka. Akazima. Likawaka. Akazima. Mara ya tatu Dereva aligeukia ukuta, hakutaka kuona. Likawaka.

Mchomeleaji alifunga mtungi wake. Alipofika getini alisimama, akarudi, akiwa anafungua vifungo vya shati.

"Dada," alisema, akimpa shati lenye kola iliyochanika, "na mimi nigeuze."