Kutu Chini ya Milango

Daktari Rumen alisimama mlangoni mwa gereji, kofia mkononi, theluji ikimyeyukia mabegani, akaeleza jinsi jeki ilivyopenya. Alikuwa akibadilisha gurudumu kando ya barabara ya Lovech. Aliiweka jeki palepale inapowekwa siku zote, chini ya mlango wa kushoto, na gari lilipoanza kunyanyuka chuma kikabonyea kama karatasi iliyolowa. Moskvich yake ya buluu ikashuka kwa kishindo karibu kabisa na mkono wake.

"Nimetibu ng'ombe maisha yangu yote na vidole vyangu vyote ninavyo," alisema. "Jana nusura niviache barabarani. Na gari hili mlilitengeneza nyinyi, Fundi Minko, miaka michache tu iliyopita."

Minko alikuwa amepita miaka sabini. Mji mzima wa Troyan ulijua kwamba ukitaka bodi ya gari la zamani irudi kama ilivyotoka kiwandani, unampelekea yeye. Alizunguka upande wa kushoto, akachuchumaa kwa taabu, akapatazama pale palipochanika. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Genko, upande huu si uliushughulikia wewe?"

Genko aliacha msasa aliokuwa nao. Upande wa kushoto haukuwa wake. Alikumbuka vizuri, maana ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza pale, baada ya kiwanda alichofanyia kazi huko Vidin kufungwa na yeye na mkewe Tsveta kuhamia ghorofa ya juu ya nyumba ya mzee. Wakati ule mzee alimwachia upande wa kulia tu, tena akimsimamia kila hatua. Lakini kumkanusha baba mkwe mbele ya mteja kulimshinda.

"Niachie gari, daktari. Nitalifungua nione," alisema.

"Lifungue uone. Mtu ukila mkate wa wakwe, basi na kazi yao uifanye vizuri."

Minko alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta, na wala hakuinua uso. Genko maneno ya daktari angeyameza; ila ule ukimya ulimkaa kooni siku nzima.

Alasiri alikata kile chuma kirefu, kilicho wazi ndani kama bomba, kinachopita chini ya milango. Kutu ilimwagika sakafuni kwa magamba, kama maganda ya mti uliooza, na nyuma yake tope la baridi. Vile vitundu vya chini, vinavyoachwa ili maji yatoke, vilikuwa vimezibwa kabisa na ile dawa nyeusi ya kukinga chuma na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Nta ya kupulizia ndani ili kuzuia kutu nayo ilikuwa imeishia karibu na mdomo tu. Mbele yake chuma kilikuwa kitupu. Genko akaenda upande wa kulia, akaingiza waya kwenye kitundu. Ukapita bila kukwama, ukatoka na nta laini, ya rangi ya asali.

Usiku ule alimwambia mkewe. Tsveta alikuwa anakunja nguo.

"Baba anazibua vitundu hivyo tangu mimi sijazaliwa," alisema. "Leo ndiyo avisahau?"

"Sijasema amesahau. Nasema si mimi."

"Basi ni nani? Ni mama, anayeshinda jikoni?"

"Tsveta, mimi sitafuti ugomvi."

"Hutafuti, lakini umeuleta hadi chumbani." Aliweka nguo kabatini, akalala akiwa amempa mgongo.

Walilitengeneza lile gari pamoja, mzee na mkwe, bila maneno mengi. Walikata chuma chote kilichooza mpaka wakafika kwenye kizima, wakasugua mpaka kikang'aa, wakakunja bamba jipya. Genko alichomelea. Minko alisimama nyuma yake na kukosoa kama kawaida: moto mwingi, mkono mzito, nyinyi watu wa Vidin mnachomelea kama mnapika jamu. Genko alimaliza kipande cha mwisho, akavua kinyago.

Mzee akanyoosha mkono kupima kiungo kwa kiganja, kama alivyopima kila kiungo maishani mwake. Chuma kilikuwa bado kinawaka wekundu pembeni. Aliuweka mkono pale, akautuliza, akausogeza taratibu.

"Hapa pamenyooka," alisema.

Genko alisikia harufu kabla hajaelewa. Aliushika mkono wa mzee, akauvuta kwa nguvu mpaka wote wawili wakapepesuka. Ngozi ya kiganja ilikuwa imechunika, imebaki kwenye chuma. Minko aliutazama mkono wake kana kwamba amekabidhiwa wa mtu mwingine.

Genko alimkalisha, akamwagia maji ya baridi, akamfunga kitambaa safi. Hapo ndipo alipoona vidole vingine, vyenye makovu ya moto, mengine mapya, mengine ya zamani.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu kabla hujaja. Kwanza ncha za vidole zilikufa ganzi. Chini kule huoni kitu, ni kidole ndicho kinachokuambia kitundu kimezibuka au la, mpira wa kupulizia nta umefika mwisho au umekunjika njiani. Changu kikaacha kuniambia. Nikawa nabahatisha."

"Na juzi, mbele ya daktari?"

"Juzi nilijua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilijua upande ni wangu. Nikaona wewe bado una miaka ya kujisafisha. Mimi sina."

Genko alitoka nje, akasimama kwenye theluji mpaka masikio yakamuuma. Alifikiria kupanda juu, kufunga mizigo, kurudi Vidin ambako hakuna kazi. Kisha wazo jingine likamjia, akarudi ndani haraka.

"Magari mengine ni yapi?"

"Magari gani?"

"Uliyobahatisha. Yako barabarani, baba. Yana watu ndani."

Minko akafumba macho. "Usinifanyie hivyo. Subiri nife kwanza."

"Watakufa wao kwanza."

Yalikuwa matatu. Rumen alipokuja kuchukua Moskvich, mzee alimwambia mwenyewe, akiwa amesimama: upande ule niliufanya mimi, nikamsingizia kijana. Daktari alimtazama Genko, akatazama chini, hakuomba radhi. Akasema tu, "Na mkono huo nani ameuangalia? Hata farasi nisingemwacha hivyo. Kesho nakupeleka hospitali." Na kweli alimpeleka.

Tsveta ndiye aliyewapigia simu wenye magari hayo, baba yake amekaa kando yake. Mwenye mkahawa alileta gari lake siku ileile, akitukana tangu getini. Padri wa kijiji cha jirani alileta lake pamoja na mtungi wa rakia, pombe kali ya matunda, akasema asante kwa kumwambia. Gari la tatu, Volga ya kijivu, lilikuwa limeshauzwa vuli iliyopita, kwa kijana mmoja wa Varna mwenye watoto wadogo. Jina la mnunuzi huyo, aliyeuza hakulishika.

Genko aliandika kwa vyama vyote vya magari ya zamani, akabandika picha ya Volga ile kila alikoruhusiwa. Tsveta alimsaidia kuandika, na jioni moja, bila kumtazama, alisema, "Nilipaswa kukuamini." Genko alisema haidhuru, ingawa ilimdhuru.

Minko hakushika tena zana. Kila simu ilipolia nyumbani aliuliza kama ni ya Varna. Theluji iliisha, chumvi ikaoshwa na mvua za machipuko, na hakuna aliyewapigia kuhusu Volga ile.