Gurudumu Lisilo na Raba

Fundi Mshamu aliisikia pikipiki ya nesi Doris kabla hajaiona. Kila Doris alipoachia mafuta na kuvuta tena, mlio mkavu wa chuma kwa chuma ulitoka nyuma, na Mshamu, aliyekuwa amechuchumaa kibandani kwake Mahurunga, akajikuta anatabasamu.

Kwa miaka kumi na miwili pikipiki hiyo ya kupeleka chanjo ilikuwa mikononi mwake. Zile raba zinazokaa kati ya sproketi, gia ya nyuma inayovutwa na cheni, na gurudumu, zinazomeza kishindo cha injini, alizibadilisha kila masika, maana tope la bonde la Ruvuma lilizila upesi. Ndipo akaja fundi Kelvin. Yeye alitupa raba, akachonga bamba la chuma, akaikaza sproketi moja kwa moja kwenye gurudumu. Madereva wakasema pikipiki sasa haisiti mchangani. Ukigusa mafuta, imeondoka. Wateja wakahamia kwake, Doris akiwemo. Siku moja Mshamu aliomba kuijaribu ya mmoja wao, akapita nayo topeni, akairudisha. Walisema kweli. Hilo ndilo lililomchoma.

Doris alitaka upepo wa tairi tu. Alikuwa anakwenda Mtwara mjini kuchukua chanjo. Mshamu alipoinama kuujaza, aliona spoki nne za gurudumu la nyuma zimelegea na moja imekatika. Topeni tairi huteleza, kishindo kikaishia hapo. Kwenye lami tairi hung'ang'ania, na kishindo chote hurudi kwenye spoki na cheni. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

"Mbona inagonga hivi, fundi?" Doris aliuliza.

"Muulize aliyekufungia."

Doris alimtazama kidogo, akashukuru, akaondoka.

Mshamu alifagia kibanda kisichokuwa na uchafu. Aliwaza cheni ikikatika, wateja wakirudi, Kelvin akifungasha virago. Wazo lilikuwa tamu. Kisha akamwona Doris ndani ya wazo hilohilo. Akauacha ufagio, akawasha pikipiki yake.

Alichelewa. Karibu na Naliendele, juu ya lami, cheni ilikuwa imekatika na kujisokota gurudumuni. Doris alikaa kando ya barabara, goti limechubuka. Kelvin, aliyekuwa mjini kununua vipuri, alipigiwa simu akawahi kufika kwa daladala. Alikuwa amepiga magoti akiomba radhi, akisema hajui amekosea wapi.

Mshamu angeweza kunyamaza.

"Asubuhi niliona spoki zimelegea," alisema. "Nikakuacha uondoke."

Doris alijifuta damu gotini. Aliuliza tu chanjo atazifuata vipi, maana kesho akina mama wangefika kituoni na watoto wao mgongoni.

Pikipiki ya Doris ndiyo iliyofungwa sanduku la baridi la chanjo, nayo ilikuwa ya aina moja na ya Mshamu. Mshamu alifungua gurudumu la nyuma la kwake, raba zikiwa ndani, pamoja na cheni, akalifunga kwenye ya Doris. Kelvin alimpa spana moja baada ya nyingine bila kuuliza. Doris alipanda, akaondoka taratibu bila kuaga.

Wakabaki wawili, na pikipiki isiyo na gurudumu la nyuma. Magari yaliwapita. Kelvin alizunguka nyuma, akainua keria kwa mikono miwili hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Shika usukani, mzee," alisema.

Wakaanza kutembea kuelekea Naliendele, jua likiwa bado utosini.