Manjonjo ya Keturah

Mashua ilipotoka karakana ikiwa buluu tupu, Keturah Tranter aliketi palepale ukingoni mwa mfereji akalia mbele za watu. Alikuwa bibi harusi wa juzijuzi. Mashua ile ndefu, nyembamba kama kijiti, ilibeba makaa ya mawe, na kile chumba kidogo cha nyuma ndicho kilichokuwa nyumba yake yeye na mumewe, Joby. Ilipoingizwa kupakwa rangi ilikuwa na mawaridi kila mahali, mekundu na meupe, na kasri lenye minara kando ya ziwa. Ikatoka imefutwa yote, ina mstari mmoja wa manjano ubavuni. Ungedhani ni karai la kufulia.

"Unalia nini sasa, bibi?" aliuliza Bwana Lathbury, meneja mpya aliyeletwa pale serikali ilipoichukua mifereji pamoja na kampuni ya mashua. "Rangi safi, ya kisasa. Mambo ya vikorombwezo yamekwisha."

Huyu Bwana Lathbury hakuishiwa majina. Leo maua yalikuwa vikorombwezo, kesho madoido, kesho kutwa mbwembwe, na siku aliyoamka vibaya yalikuwa manjonjo ya watu wasio na kwao. Watu wa nchi kavu ndivyo walivyo. Kitu kikiwapita kimo wanakipa majina kumi, yote ya kubetulia midomo. Watu wa mfereji walisema maua, basi. Na kwao mashua isiyo na maua ilikuwa aibu. Walisema mwenyewe mvivu, au mkewe mchafu, au wawili hao hawapatani. Msinibishie, nimekaa nao.

Amri ilikuwa fupi. Atakayeonekana na ua juu ya mashua ya kampuni atateremka na virago vyake siku hiyohiyo. Na Joby na Keturah wangeteremkia wapi? Nchi kavu hawakuwa na hata kibanda cha kuku.

Kibaya zaidi, dada yake Joby alikuwa anaolewa wiki ya pili yake katika kanisa la Braunston, na kwa desturi mashua zote za ukoo zilikuja kujipanga mferejini chini ya kanisa, zimeng'arishwa shaba na kusuguliwa mpaka zinametameta. Mama mkwe, Mama Thirza, hakuwa mtu wa kuuma maneno.

"Mwanangu, utakuja na karai lako hilo?" alimwuliza Keturah mbele ya wanawake wenzake kwenye lango la maji, mashua zikingoja zamu ya kupita. "Si bora uje kwa miguu? Tutasema mashua imeharibika."

"Nitakuja nayo, Mama."

"Haya. Basi kaeni mwisho wa mstari, pale kwenye matete."

 Usiku Joby, mtu mpole kupita kiasi, alimwambia tu kwamba maua si chakula. Akageuziwa mgongo.

Kesho yake, wakipakia makaa, Bwana Lathbury alipita ukingoni na mwavuli wake, akigonga ubavu wa kila mashua kuona kama rangi imekauka. Keturah akapiga moyo konde.

"Bwana, na ndani je? Ndani nako mtatupaka buluu?"

Meneja aliwageukia wapakiaji ili nao wapate kucheka. "Ndani? Bibi wee, nje ndiyo mali ya kampuni. Huko ndani mnakolala na masufuria yenu, hata mkitaka kubandika mikia ya tausi, bandikeni. Mimi sina haja hata ya kuchungulia!"

Wapakiaji wakacheka. Keturah naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye milango ya chumba chake. Ilikuwa miwili, midogo, nyuma kabisa ya mashua, na mshika usukani husimama katikati yake. Ikifungwa, unaona buluu ya kampuni. Ikifunguliwa, hukunjuka mpaka ikalala ukutani kwa nje, na upande uliokuwa ndani ukawatazama wote walio nyuma.

Jumamosi mchana alimfuata Mzee Enoch, fundi wa rangi wa karakana. Maisha yake yote mzee yule alikuwa amechora mawaridi, na sasa alikuwa akipaka buluu huku amenuna.

"Mzee, nina milango miwili. Upande wa ndani."

Mzee Enoch alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka chini brashi ya kampuni, akaenda kuufungua mkoba wake wa zamani, akachagua brashi nyembamba kuliko zote.

Alianza na vidoa vyeusi, akavipandishia petali, mkono ukiruka tu, na mawaridi yakachanua. Akaweka kasri, ziwa, daraja, mlima wenye theluji ambao hakuna mtu wa mfereji ule aliyewahi kuuona.

"Ongeza, Mzee," alisema Keturah.

"Yatazidi, binti."

"Ndivyo nitakavyo. Yazidi!"

Joby alipoona, rangi ilimtoka usoni. "Watatufukuza, Keturah."

"Alisema mbele ya watu."

"Na akikana?"

"Akikana tutalala shambani," alisema Keturah, "lakini kwenye harusi ya dada yako sitakaa mateteni kama mwizi."

Siku ya harusi mashua zilikuwa zimejipanga tangu kanisani hadi darajani, nusu yake buluu tupu, na wanawake wake wameinamisha vichwa. Na juu ya daraja alisimama nani? Bwana Lathbury mwenyewe, na mkubwa mmoja kutoka London aliyemleta ili amwonyeshe usafi wa mashua zake mpya. Keturah, aliyeshika usukani, alimwona tangu mbali.  Milango ilikuwa imefungwa nyuma yake, na angeweza kupita hivyohivyo, salama.

Alisubiri mpaka wakapita chini ya daraja. Ndipo akaigeukia milango, akaisukuma yote miwili.

 Mwanamke mmoja ukingoni akapiga kelele za furaha, na wote wakadakia.

"Simamisha mashua!" Bwana Lathbury alikuwa anateremka darajani mbiombio, uso mwekundu. "Nilisema nini mimi? Nilisema nini?"

"Ulisema ndani tubandike mikia ya tausi, bwana," Keturah alijibu kwa sauti ya kufika kanisani. "Huo ni upande wa ndani. Paka buluu yako ukiona nje pana ua hata moja!"

"Kweli alisema!" walidakia wapakiaji walioalikwa harusini. "Tulikuwepo! Na mwavuli alikuwa nao!"

"Funga milango hiyo!"

"Nyumba yangu, bwana. Kuna joto."

Mkubwa wa London aliinama kutazama lile kasri. "Lathbury," alisema, "uliwaambia hivyo?"

Meneja alifungua kinywa. Watu wote ukingoni walikuwa wanamtazama. Akakifunga. "Niliwaambia," alisema.

Basi hapo tena! Wanawake wa mashua za buluu walimzunguka Mzee Enoch aliyekuja kula pilau la harusi yao, yaani nyama ya kuokwa na viazi, wakawa wanagombania zamu ya kuchorewa milango yao. Mama Thirza alijipenyeza mbele ya wote, akaisogelea mashua ya mkaza mwanawe, akayatazama mawaridi moja moja.

"Keturah, mwanangu," alisema, "hayo ndiyo manjonjo! Haya, tokeni huko kwenye matete. Njooni hapa mbele, karibu na bi harusi."

Jioni walipong'oa nanga kurudi kazini, mvua ilianza. Ilipiga moja kwa moja chumbani, ikalowesha pazia, mkate na kitanda.

"Funga basi, mke wangu," alilia Joby. "Godoro linalowa!"

"Litakauka."

Darajani, chini ya mwavuli, Bwana Lathbury alikuwa bado amesimama, na kutoka pale alipokuwa hakuwa na kitu kingine cha kutazama ila mawaridi yale. Keturah aliisukuma milango ikafunguka hadi mwisho wake, akapunguza mwendo.