Asilimia Themanini na Nne

Tusidanganyane: mimi si mtu wa subira. Mke wangu Fidélie husema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali. Basi niweke mbele ya ordinatere inayoniambia "tafadhali subiri", uone kama sitamaliza kucha zote kumi.

Mimi ni Kisimba, sekretere wa shule ya sekondari hapa Kapata, nje kidogo ya Kolwezi. Ijumaa ile ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha wanafunzi wa mwaka wa sita kwa mtihani wao wa kumaliza. Wanafunzi ishirini na saba. Saa kumi na mbili jioni mlango unafungwa, na ambaye hakuandikwa anangoja mwaka mzima. Kungoja mwaka mzima hapa kwetu si mchezo. Kijana asiye na mtihani leo, kesho unamkuta kwenye mashimo anachimba kobalti, na akishaonja pesa ya mashimo harudi tena darasani. Mwaka uliopita walitutoka wanne. Mmoja tulimzika.

Mbona hatukufanya mapema? Uliza! Programu mpya ya kuandikisha ilitufikia Jumatano, ikakataa katakata kufunguka kwenye mashine yetu. Eti Windows yenu ni ya zamani, wekeni mpya kwanza. Gracien, rafiki yangu anayetengeneza mashine mjini, akaniletea Windows mpya kwenye kle ya USB, akaniazima na onduleur yake, lile sanduku zito lenye betri ndani, linaloilinda mashine umeme ukikatika au ukiruka.

"Kisimba, uanzishe, uache," akaniambia. "Usiguse kitu. Ukiikata katikati itarudia mwanzo, ao itakufa kabisa."

Shuleni hakuna umeme tangu wezi wabebe waya wa shaba. Nikaleta mashine nyumbani, nikaiweka chumbani kwetu, nikaanza saa nne asubuhi.

Asilimia tano. Kumi na mbili. Nikaenda nje, nikarudi: kumi na mbili. Nikanywa maji, nikarudi: kumi na mbili bado! Haraka haraka haina baraka, najua, nimefundishwa tangu utotoni. Aliyesema hivyo hakuwa na saa ukutani.

Sasa sikilizeni vizuri. Hizi nyumba za kampuni ya madini zimejengwa mbilimbili, ukuta mmoja katikati. Upande wa pili anaishi mama mkwe wangu, Mama Ndaya. Ungedhani tunapiga soga kutwa. Wapi! Sisi watu wa kaskazini tuna buko: mkwe na mama mkwe hawasemi uso kwa uso, hawali pamoja, na mama hakanyagi kabisa chumba anamolala mkwe wake. Miaka tisa alinisalimia kupitia kwa Fidélie, na tukikutana njiani alipinda. Nami nilipinda. Kwa hiyo habari ya onduleur hakuna aliyemweleza. Fidélie alikuwa sokoni, na mimi ningemwambia kwa mdomo upi?

Na kuna tabia yetu nyingine. Balbu tunaiacha inawaka mchana kutwa ili tujue umeme upo. Ikiwaka ghafla kupita kiasi, umeme umeruka, safu nzima ya nyumba inapiga kelele "Toa prise!" yaani chomoa waya ukutani, na kila mtu anakimbilia vitu vyake. Mama Ndaya alikwisha kuunguza televisheni mbili kwa kuchelewa. Alibaki na congélateur tu, anagandisha thomson, wale samaki wa kuuza, na hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mume wake afariki.

Kwenye asilimia themanini na nne nilikuwa chooni. Ndiyo, chooni, uani kule. Nikasikia: "Toa prise! Toa prise!" Sikushtuka, onduleur si ipo? Nikarudi zangu, nikafungua mlango wa chumba. Mama Ndaya amesimama kando ya kitanda changu, kitambaa kimemwanguka kichwani, anahema, waya wa ordinatere mkononi, ameuchomoa kwenye onduleur.

"Nimeiokoa, tata," akasema, macho chini, akiniita baba. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa miaka tisa.

Kioo kilikuwa cheusi. Nikalipuka.

"Umeniua! Weye mama, uko na akili gani? Nani alikuita humu ndani? Batoto makumi mbili na saba, umebaua na mikono yako! Toka!"

Akaulaza waya juu ya meza polepole, akatoka kinyumenyume. Safu nzima ilinisikia.

Nikawasha mashine. Ikafikiri weee, kisha ikasema inarudisha Windows ya zamani. Karibu saa nzima ya kurudi nyuma! Ilipofika saa nane nilikuwa palepale nilipoanzia. Nikaanzisha upya.

Fidélie akarudi, ameshaambiwa yote njiani.

"Kisimba, unajua kile ulifanya?"

"Nitaomba musamaha kesho. Nitapeleka kuku."

"Kuku!" Akacheka bila furaha. "Kwa ile maneno, ata mbuzi haitoshe. Na yeye unajua aliniuliza nini? Ile mashine iko inafanya nini. Basi nimemueleza yote, ya batoto na ya ile sanduku." Akachukua mfuko, akaenda kununua makala, makaa ya kupikia.

Kumbe makala yalikuwa agizo la mama yake. Saa kumi kila nyumba huwasha réchaud, jiko la umeme, ipike bukari, ugali wetu, na zikiwaka zote pamoja ndipo mambo huharibika. Nikamsikia Mama Ndaya nje, mlango kwa mlango: "Muzime réchaud. Leo tupike na mbabula. Ni juu ya batoto." Wakanung'unika, lakini wakazima, wakatoa majiko ya makaa. Kisha akaleta kigoda, akakaa nje ya mlango wetu, mgongo kwangu.

Asilimia sabini na tisa. Balbu ikawaka kali.

"Toa prise!"

Huguette, jirani wa mbele, akaja mbio na moyo wake mwema ili aniokoe. Mama Ndaya akasimama, akatanua mikono mlangoni.

"Hapana kuingia!"

"Mama, itaungua!"

"Hapana kuingia, minakuambia!"

Onduleur ikalia pi, pi, pi. Ningeweza kusema: mama, mimi nipo, kimbilia vitu vyako. Neno moja tu. Sikulisema; macho yangu yalikuwa kwenye ile namba. Nyuma ya ukuta kitu kikapasuka, kisha harufu ya waya ulioungua ikatufikia. Yeye pia aliisikia. Hakusogea mlangoni mpaka balbu ilipotulia.

Windows ikakamilika, programu ikafunguka, na saa kumi na moja na nusu majina yalikwenda yote. "Ishirini na saba, imepokelewa." Nikapiga kelele ya furaha, na hakuna aliyeitikia.

Nilipotoka, Mama Ndaya alikuwa uani kwake anagawa thomson. Wote, sahani kwa sahani, nyumba kwa nyumba, maana wangeoza bila congélateur. Niliona aibu. Nikarudi ndani.

Fidélie akaniletea sahani iliyofunikwa.

"Inatoka kwake. Anasema ukule, ile mashine imekuchokesha."

"Njo ile tu amesema?"

"Anauliza kama batoto bote beko ndani."

Sikumtuma Fidélie. Nilisogea ukutani, nikaweka kiganja pale, uso kwa ukuta kama desturi inavyoruhusu.

"Bote, mama. Musamaha."

Upande wa pili sufuria ikaacha kugonga.

"Kula, tata," akasema. "Inapola."

Nikala.